Subaru: Kilimia cha Wajapani katika barabara za Kenya

JINA la gari hili hutamkwa humu nchini hata na watoto ambao miguu yao haijafika kwenye kiongeza mwendo. Wengi wanaolitamka hudhani ni jina la ukoo wa mwanzilishi wa kampuni, kama ilivyo kwa Toyota, Honda na Suzuki.

Sivyo. Subaru ni jina ambalo Wajapani wamelipa kundi la nyota lile lile ambalo Waswahili wa pwani wamelijua tangu jadi kwa jina la Kilimia. Wakulima wetu walitazama nyota hizo ili kujua msimu wa kushika jembe, na ndipo jina lake likatokana na kulima. Wahenga nao wakaongeza kuwa Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa Wajapani, jina hilo huhusishwa na kitenzi cha kale chenye maana ya kukusanya au kuunganisha.

Maana hiyo ya pili ndiyo iliyobeba historia nzima ya kampuni. Ukiitazama nembo iliyo mbele ya gari, utaona nyota sita katika umbo la yai lenye rangi ya buluu: moja kubwa na tano ndogo. Hizo tano ndogo ni kampuni zilizounganishwa, nayo kubwa ni ile iliyozaliwa kutokana na muungano huo. Ni nadra kukuta nembo ya gari inayosema kweli namna hiyo.

Kutoka angani hadi barabarani

Kabla ya kuunda magari, watu hawa waliunda ndege. Mnamo 1917, Chikuhei Nakajima, mhandisi aliyekuwa afisa wa jeshi la wanamaji la Japani, aliacha kazi ya kijeshi na kuanzisha karakana ya utafiti wa ndege katika mji wa Ota, mkoani Gunma, kaskazini-magharibi mwa Tokyo. Karakana hiyo ilikua na kuwa kampuni ya ndege ya Nakajima, mojawapo ya kubwa zaidi nchini humo wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Ndege ya kivita iliyojulikana kama Hayabusa ilitoka katika viwanda vyake. Hata ile ndege mashuhuri ya Zero, ambayo ilibuniwa na Mitsubishi, zaidi ya nusu ya idadi yake iliundwa na Nakajima. Injini zake pia zilikuwa za Nakajima.

Japani iliposhindwa vitani mwaka 1945, wakuu wa majeshi yaliyoikalia nchi hiyo walipiga marufuku uundaji wa ndege. Maelfu ya wahandisi na mafundi waliozoea kupima chuma kwa unywele wakajikuta hawana la kuunda. Kampuni ilibadilishwa jina ikaitwa Fuji Sangyo, na ili watu wapate riziki, viwanda vyake vikaanza kutengeneza chochote kilichoweza kuuzika.

Mojawapo ya bidhaa hizo ilikuwa pikipiki ndogo iliyoitwa Rabbit, yaani sungura. Kielelezo chake cha kwanza cha mwaka 1946 kilitembea kwa magurudumu ya nyuma ya ndege ya kuangusha mabomu, ambayo yalikuwa yamebaki ghalani bila kazi. Ndege iliyokusudiwa kuangamiza miji ikawa inampeleka karani ofisini.

Mnamo 1950, kampuni ilivunjwa vipande 12 kwa mujibu wa sera ya kuyabomoa makampuni makubwa yaliyoendesha vita. Miaka mitatu baadaye, Julai 1953, kampuni tano miongoni mwa hizo zilikubaliana kuungana na kuanzisha Fuji Heavy Industries. Mkuu wake wa kwanza, Kenji Kita, aliamini kwamba mustakabali ulikuwa katika magari.

Gari la kwanza la majaribio, P-1, lilikamilika mwaka 1954. Kita aliwaomba wafanyakazi wapendekeze jina. Hakuna lililompendeza, na hatimaye akachagua mwenyewe jina alilokuwa amelihifadhi moyoni. P-1 ikaitwa Subaru 1500. Hata hivyo, yaliundwa magari 20 pekee, kwa kuwa kampuni haikuwa na uwezo wa kifedha wa kushindana na Toyota na Nissan katika soko la magari ya ukubwa huo. Baadhi ya hayo machache yalitumika kama teksi.

Kidudu cha madoadoa

Njia ya kutokea ilipatikana katika udogo. Serikali ya Japani ilikuwa imeweka kundi la magari madogo mno, ambayo injini zake hazikupaswa kuzidi sentimita 360 za ujazo, na ambayo yalitozwa ushuru mdogo. Shinroku Momose, mhandisi aliyekuwa ameshughulikia injini za ndege, alikabidhiwa jukumu la kuunda gari la kundi hilo litakalobeba watu wazima wanne na kupanda milima ya Japani katika barabara ambazo wakati huo nyingi hazikuwa na lami.

Momose alilishughulikia gari kama ndege: kila gramu ilihesabiwa. Badala ya kuweka mwili juu ya chesisi nzito, aliunda ganda moja linalojibeba, na paa akaliunda kwa nyuzi za kioo na gundi. Matokeo yake yalikuwa Subaru 360, iliyozinduliwa Machi 1958, yenye uzito wa kilo 385 na injini ndogo ya silinda mbili iliyokaa nyuma na kupozwa kwa hewa. Nguvu zake zilikuwa za farasi 16.

Wajapani walilipa jina la utani la yule mdudu mdogo wa mviringo mwenye madoadoa mgongoni. Kufikia 1970 uundaji wake ulipokoma, yalikuwa yametengenezwa magari karibu 392,000. Familia nyingi za Japani ambazo hazikuwahi kuota kumiliki gari zilianza na hilo.

Marekani halikupokewa vivyo hivyo. Mfanyabiashara Malcolm Bricklin na mshirika wake Harvey Lamm walianzisha kampuni ya kuliuza huko mwaka 1968. Mwaka uliofuata, jarida la watumiaji bidhaa la Consumer Reports lililipima na kutangaza kuwa halikubaliki. Katika barabara kuu za Marekani, zenye magari ya tani mbili, kigari cha kilo 385 kilikuwa hatari kwa aliyekipanda. Kampuni nyingine ingefunga virago.

Injini inayolala ubavu

Mnamo 1966, Momose na wenzake walitoa gari la Subaru 1000. Humo ndimo ilimoonekana kwa mara ya kwanza injini ambayo hadi leo ndiyo kitambulisho cha kampuni.

Katika magari mengi, pistoni husimama wima na kupanda na kushuka. Katika injini ya Subaru, pistoni zimelazwa ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, na husogea kuelekeana na kuachana mithili ya mabondia wawili wanaorushiana ngumi. Kwa sababu hiyo Wazungu huiita injini ya bondia. Subaru haikuibuni, Mjerumani Karl Benz alikuwa amekwisha kuiunda mwishoni mwa karne ya 19, na Volkswagen ile ya mgongo wa kobe pia iliitumia. Lakini leo, miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa magari, ni Subaru na Porsche pekee wanaoendelea nayo.

Faida zake ni mbili. Kwanza, kwa vile pistoni za pande zote mbili hurushana kwa wakati mmoja, mitikisiko hufutana na injini hutulia. Pili, injini ni fupi kwa kimo, hivyo uzito wa gari hukaa chini. Gari lenye uzito chini halipepesuki linapokata kona. Dereva aliyewahi kushuka Mai Mahiu na gari refu lililojaa mizigo, kisha akaishuka na Legacy, haihitaji kuelezwa jambo hili kwa michoro.

Aidha, injini hiyo ndiyo chanzo cha ule mngurumo unaowafanya watu kugeuza shingo. Katika magari ya turbo ya miaka ya 1990, mabomba yanayotoa moshi kutoka silinda za kulia na za kushoto hayakuwa na urefu sawa, hivyo moshi ulifika mahali pa kukutania kwa vipindi visivyolingana. Mlio uliotokea ni kama wa ngoma inayoruka pigo. Wahandisi hawakuukusudia, ulikuwa ni dosari ya mpangilio wa mabomba, na kampuni ilipoanza kuisawazisha katika magari ya baadaye, mashabiki ndio walionung'unika.

Umeme, theluji na magurudumu manne

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliyetaka gari linalosukumwa na magurudumu yote manne ilimbidi anunue Jeep au Land Rover: magari ya jeshi na ya shamba, yenye baridi ndani na yanayomchosha abiria. Kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilikuwa na tatizo hilo hasa. Mafundi wake walipaswa kukagua nyaya milimani wakati wa theluji, nao walikuwa wamechoka kutetemeka.

Wakaliendea duka la Subaru mkoani Miyagi na kuuliza kama gari dogo la kawaida lingeweza kupewa uwezo huo. Mafundi wa duka walichukua gari la Subaru la kusukumwa na magurudumu ya mbele, wakalitundika vifaa vya nyuma vya gari la Nissan aina ya Bluebird, na likapanda theluji. Makao makuu yalipoliona, yaliichukua fikra hiyo na kuiendeleza. Septemba 1972, Leone ya magurudumu manne ilianza kuuzwa.

Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko lilivyoonekana wakati huo. Gari la familia, lenye viti vya starehe na bei ya wastani, sasa liliweza kwenda kule ambako kabla yake ni magari ya kazi pekee yaliyofika. Wakulima na walimu wa majimbo ya milima na theluji ya Marekani walilitambua haraka, na jina lililoharibiwa na kile kigari cha 1968 likasafishwa.

Mambo hayakuendelea kuwa shwari. Baada ya thamani ya yen kupanda ghafla kuanzia 1985, magari ya Japani yaliyouzwa nje yalipanda bei, na Fuji Heavy Industries ikaingia katika hasara. Tumaini liliwekwa katika gari jipya kabisa, Legacy, lililotolewa 1989. Ili kuuthibitishia ulimwengu uimara wake, kampuni ililipeleka katika uwanja wa majaribio jimboni Arizona na kuliendesha kilomita 100,000 usiku na mchana, kwa madereva wanaopokezana. Lilimaliza baada ya siku 18 na nusu hivi, kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa, ikawa rekodi ya dunia.

Huko Marekani, wauzaji walifanya jambo lingine la busara katika miaka ya 1990. Badala ya kuwafuata wateja wa Toyota, waliwatafuta wale waliokuwa tayari wakiwapenda: walimu, wahudumu wa afya, wapanda milima, na pia wanawake wanaopenda wanawake, ambao kampuni nyingine ziliogopa hata kuwataja katika matangazo. Marekani ndiyo soko kubwa zaidi la Subaru leo, kuliko Japani yenyewe.

Vumbi la Safari

Lakini si walimu wa Marekani waliolifikisha jina hili katika vibanda vya chai vya Nakuru na Eldoret. Ni mbio za magari.

Mwaka 1988, kampuni iliunda tawi la michezo, Subaru Tecnica International, linalofahamika zaidi kwa herufi STI. Muda mfupi baadaye ilishirikiana na Prodrive ya Uingereza, na gari la Legacy, kisha Impreza lililozinduliwa 1992, likaingia katika Mbio za Magari za Dunia. Ushindi wa kwanza ulipatikana New Zealand mwaka 1993, dereva akiwa kijana Mskoti Colin McRae. Mnamo 1995 McRae alitwaa ubingwa wa dunia. Richard Burns wa Uingereza akafuata 2001 na Petter Solberg wa Norway 2003. Kampuni nayo ilitwaa taji la watengenezaji kwa miaka mitatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997.

Kwa Wakenya, kumbukumbu iliyo tamu zaidi huenda ikawa ile ya 1993. Mwaka huo Subaru ilileta katika Safari Rally vigari vitatu vya aina ya Vivio, vyenye injini ya sentimita 660 za ujazo, ndogo kuliko za baadhi ya pikipiki. Wengi walicheka. McRae alikikimbiza chake hadi kikashindwa kuendelea. Aliyekifikisha kigari chake mwisho ni Mkenya Patrick Njiru, aliyemaliza katika nafasi ya 12 na kuongoza katika daraja lake. Mwaka uliofuata, akiwa na Impreza, Njiru alimaliza wa nne. Katika mchezo ambao kwa miongo mingi ulionekana kuwa wa Wazungu na Wahindi wenye mali, kijana Mwafrika kuonekana juu ya boneti ya gari la buluu ni jambo ambalo lilivutia macho mengi kuliko tangazo lolote la biashara.

Safari ya siku hizo haikuwa kama mbio nyingine. Barabara hazikufungwa; dereva aliweza kukutana na matatu, mkokoteni au ng'ombe. Magari yalifungwa vyuma vya kukinga mbele na bomba refu la kupumulia pembeni mwa kioo ili injini isimeze maji kwenye mito, na helikopta ziliruka juu kumwonya dereva kuhusu wanyama. McRae alishinda katika hali hiyo mwaka 1997. Mnamo 2000 Burns, aliyekuwa ameshinda 1998 akiwa na Mitsubishi, alishinda tena, safari hii akiwa na Impreza, huku Juha Kankkunen wa Finland akishika nafasi ya pili na gari jingine la Subaru.

Burns alifariki Novemba 2005 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na umri wa miaka 34. McRae naye alikufa Septemba 2007 katika ajali ya helikopta. Subaru ilijiondoa kwenye mbio za dunia Desemba 2008, uchumi wa dunia ulipoyumba, wala haikuwepo katika orodha ya timu za kiwanda Safari iliporejea katika kalenda ya dunia mwaka 2021. Tangu wakati huo hadi 2025, ni Toyota iliyoshinda kila mwaka. Hata hivyo, katika maegesho ya watazamaji kule Naivasha, magari ya nyota sita bado ni mengi ajabu.

Yalivyofika Mombasa

Kupendwa ni jambo moja, kumiliki ni lingine. Wakenya wengi hawakununua Subaru mpya. Waliinunua ikiwa imetumika.

Japani huendesha magari upande wa kushoto wa barabara, sawa na Kenya, hivyo usukani uko mahali panapofaa. Zaidi ya hayo, sheria ya Japani humtaka mwenye gari alipeleke kukaguliwa baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila baada ya miaka miwili, kwa gharama isiyo ndogo. Wengi huona nafuu kuliuza. Hapo ndipo wanunuzi wa Afrika Mashariki huingia, na meli hulishusha Mombasa. Kanuni za Kenya haziruhusu gari lililopita miaka minane tangu liandikishwe kwa mara ya kwanza. Kwa hivyo, kila mwaka unaosonga hufungua mlango kwa aina mpya na kuufunga kwa ya zamani.

Katika nyanda za juu, ambako masika hugeuza barabara za udongo kuwa utelezi mtupu, gari la magurudumu manne si anasa. Mkazi wa Kinangop au wa miteremko ya Murang'a anayetaka kumfikisha mgonjwa hospitalini usiku wa mvua hajali mlio wa bomba, anataka kufika. Forester, lililoanza kuuzwa 1997 na lililoinuka vya kutosha juu ya mawe, lilimfaa mtu huyo bila kumtoza gharama ya Land Cruiser.

Kuna upande mwingine. Bei ya turbo iliyotumika iliposhuka kufikia mfuko wa kijana aliyepata kazi juzi, gari lililobuniwa kwa dereva stadi liliangukia mikononi mwa wasio stadi. Ndipo likazuka lile jina la kebehi la "vijana wa Subaru", na masikio ya wakazi wa mitaa mingi ya Nairobi yakazijua saa za usiku kwa milio ya mabomba. Aidha, kwa sababu ya wepesi wake, gari hili limetumiwa na maafisa wa polisi wasiovaa sare, na limetajwa na mashahidi wa visa vya watu kutekwa, hasa baada ya maandamano ya vijana ya 2024. Kuna familia nchini ambazo jina hili haliwakumbushi mbio za magari hata kidogo.

Anayetaka kununua ajue nini

Sifa zote zilizotajwa hapo juu zina bei, na bei hiyo hulipwa gereji.

Injini iliyolala ubavu huzificha plagi pembeni, karibu na mbavu za chesisi, na fundi asiyeizoea hutumia saa nyingi, au huivunja. Katika injini za kizazi kinachoitwa EJ, ambazo ndizo zilizojaa katika Subaru za miaka ya 1990 na 2000, kuna ukanda wa mpira unaoongoza vali, nao hupaswa kubadilishwa unapofika kilomita 100,000 hivi. Muuzaji akikuambia gari limetembea kilomita 90,000 na hana karatasi ya kuthibitisha ukanda ulibadilishwa, ihesabu gharama hiyo katika bei. Ukanda ukikatika mwendoni, vali hupigwa na pistoni, na injini imekwisha. Injini mpya zaidi za kizazi cha FB, zilizoanza 2010, hutumia mnyororo.

Injini ya EJ ya lita 2.5 isiyo na turbo ilijulikana pia kwa gasketi za kichwa zinazovuja maji au oili. Dalili ni gari kuchemka kwenye mlima na maji kupungua bila kuonekana yanakovuja. Turbo nayo hutegemea oili ya injini kulainisha mhimili unaozunguka kwa kasi kubwa mno. Anayechelewesha kubadilisha oili ili aokoe shilingi elfu chache huishia kununua turbo, na pengine injini nzima.

Kosa linalofanywa zaidi humu nchini ni la tairi. Kwa kuwa magurudumu yote manne yameunganishwa, tairi zote zinapaswa kuwa za ukubwa mmoja na kulika sawa. Mizingo yake isipishane kwa zaidi ya milimita sita hivi. Anayefunga tairi moja mpya na kuacha tatu zilizolika huilazimisha difrensha ya katikati kufanya kazi bila kupumzika hadi iungue. Vivyo hivyo, gari likiharibika njiani, lisiburutwe magurudumu mawili yakiwa chini. Lipakiwe lote juu ya lori.

Nyota zilizobadilika

Kampuni yenyewe si ile ya zamani. General Motors ya Marekani ilinunua asilimia 20 ya hisa zake mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuziuza 2005. Toyota ilinunua sehemu ya hisa hizo, na sasa inamiliki takriban asilimia 20. Subaru iliacha kuunda yenyewe magari madogo ya ukoo wa 360 mwaka 2012. Aprili 2017, jina la Fuji Heavy Industries liliwekwa kando na kampuni nzima ikaitwa Subaru. Injini ya EJ ya lita mbili iliagwa kwa toleo la mwisho la magari 555, nambari ile ya kampuni ya sigara iliyodhamini gari la McRae. Gari lake la umeme la kuuzwa duniani kote, Solterra, lililotoka 2022, liliundwa kwa ushirikiano na Toyota, nalo halina pistoni za kurushiana ngumi.

Mwaka huo huo wa 2017 haukuisha vyema. Mnamo Oktoba kampuni ilikiri kwamba kwa zaidi ya miaka 30, ukaguzi wa mwisho wa magari katika viwanda vyake nchini Japani ulikuwa ukifanywa pia na watu wasiokuwa na idhini rasmi. Mkuu wake, Yasuyuki Yoshinaga, aliuachia wadhifa wa afisa mkuu mtendaji mwaka uliofuata.

Kubwa zaidi kwa mnunuzi wa Kenya ni suala la mifuko ya hewa. Subaru, sawa na watengenezaji wengi, ilitumia mifuko iliyotengenezwa na Takata, kampuni ya Kijapani iliyofilisika Juni 2017. Kemikali inayoifumua mifuko hiyo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na inapolipuka inaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu wamekufa duniani katika ajali ambazo zingewaacha na michubuko. Impreza, Legacy, Outback na Forester za miaka ya 2000 na mwanzoni mwa 2010 zimo katika aina zilizoitwa kurudishwa ili zibadilishiwe kifaa hicho bila malipo.

Gari lililouzwa nje ya Japani kabla ya kubadilishiwa huondoka na kifaa chake, na barua ya kampuni humfuata mmiliki wa kwanza aliyebaki Japani. Joto na unyevu wa Mombasa, Malindi au Kisumu ndio hasa unaoharakisha uharibifu. Mwenye gari la miaka hiyo aichukue nambari ya chesisi iliyo kwenye kitabu cha gari, aitafute katika ukurasa wa kampuni wa magari yaliyoitwa kurudishwa au aipeleke kwa wakala wa Subaru nchini, na aulize kama kifaa cha mfuko wa dereva na kile cha abiria wa mbele vilibadilishwa. Magari yaliyouzwa Japani hukaguliwa katika orodha ya Japani. Kuiingiza nambari hiyo katika ukurasa wa Marekani hakutaleta jibu.